Simba wa Pua Nyekundu

Kama uliwahi kupumzika Ansby, pwani ya Lincolnshire, kabla mashine zetu za michezo hazijaanza kulishwa kadi, huenda ulirudi kwenu na simba wa pua nyekundu mfukoni bila kujua. Ni sarafu ya peni kumi, ya kawaida kabisa, Malkia upande mmoja na simba mwenye taji upande wa pili. Ila kwenye pua ya simba pana tone la rangi ya kucha, dogo kama kichwa cha pini. Watu wa Leeds na Sheffield waliotuletea watoto wao kila Agosti walidhani ni mzaha wa mtu. Mwanamke mmoja alifika kwenye kibanda cha chenji kuuliza kama akikusanya kumi anapata zawadi. Alipoambiwa hapana, akaondoka na uso wa mtu aliyedhulumiwa.

Tone lile lilikuwa na maana moja tu: sarafu hii imeshaangaliwa.

Aliyeangalia alikuwa Desmond Odling, fundi wa mashine katika jumba la michezo ya sarafu lililo mwisho wa barabara ya ufukweni. Aliyempa rangi alikuwa mkewe, Avril, aliyekaa ndani ya kile kibanda cha kioo. Habari hii ni ya Avril. Desmond, kwa kawaida yake, ataingia humu na kuchukua nafasi kubwa kuliko aliyopewa.

Mimi nilikuwa mwita namba za bingo, mchezo wa bahati wenye namba moja hadi tisini, katika jumba hilohilo, mkabala na kibanda. Nilimwona Avril kila siku ya kazi kwa miaka mingi, kama mtu anavyoiona saa ya ukutani: humtazami sana, lakini akiondoka unapotea. Alikuwa mwembamba, mwenye sweta ya kijani aliyoivaa hata Julai, katikati ya kiangazi, kwa kuwa Julai yetu haina tofauti kubwa na miezi mingine. Vidole vyake vilikuwa na weusi wa sarafu usiosikia sabuni. Kila mteja alimwita “mwanangu”, hata wale waliopigana vita. Noti ya pauni tano ikiingia, kikombe cha plastiki chenye sarafu kilitoka, na kati ya kuingia na kutoka macho yake yalikuwa yamekwishasoma kila kilichomo kikombeni.

Mashine zenyewe unazijua. Kuna rafu inayokwenda mbele na kurudi, sarafu zimesongamana ukingoni kama watu wanaongoja meli, na kila anayetumbukiza yake anaamini ndiyo itakayoziangusha zote. Zikianguka, mtu huzikusanya akashangilia, kisha akazitumbukiza tena. Zisizomwangukia yeye huenda tumboni mwa mashine, kutoka tumboni hadi ndoo ya Desmond, kutoka ndooni hadi kibanda cha Avril, na kutoka kibandani hadi mkononi mwa mtu mwingine mwenye imani ileile. Zilikuwapo sarafu zilizoingia Ansby zikiwa mpya zinang’aa, zikachakaa humohumo bila kuona mji mwingine. Kwa hilo hatukuwa na haki ya kuzicheka.

Walianza kujuana majira ya baridi yale ambayo peni kumi kubwa za zamani zilikuwa zikiondolewa na hizi ndogo kuingia. Jumba lilikuwa limefungwa kwa wageni, upepo wa bahari unasukuma milango. Desmond, kapera aliyevuka arobaini, alileta ndoo ya sarafu kibandani na hakuondoka. Akaweka mbili mezani, akaweka na kioo cha kukuzia, akamuuliza Avril zinatofautiana nini. Avril akazitazama akasema moja ni chafu zaidi. Desmond akasema hapana, tazama tena.

Akatazama tena. Ukingoni mwa sarafu, upande wa Malkia, pana duara la vitone vidogo. Kwenye sarafu moja, mguu wa herufi fulani katika jina la Malkia ulielekea sawasawa kwenye kitone. Kwenye nyingine, mguu wa herufi ileile ulielekea kwenye nafasi iliyo kati ya vitone viwili. Basi, ni hilo tu. Avril aliniambia kwamba alipoliona alishtuka kama mtu aliyegundua kuwa jirani yake wa siku zote ana kidole cha sita.

Mwaka uliofuata wakaoana. Ziko ndoa zilizojengwa juu ya jambo dogo kuliko hilo, lakini sizijui.

Kulikuwa pia na habari ya ukingo. Sarafu nyingine ukingo wake ulikuwa bapa, nyingine mwembamba kama waya. Ukichanganya ukingo na herufi unapata aina nne za peni kumi ya mwaka mmoja, mwaka 1992, na dunia nzima ikazitumia zote nne kununulia peremende bila kujali. Waliojali katika mji wetu walitosha kukaa meza moja. Walikutana kila mwezi chumba cha nyuma cha baa, wakanywa bia taratibu, wakapitishiana sarafu ndani ya vifuko. Wakajiita klabu. Sheria ya klabu ilikuwa moja: sarafu lazima ikujie katika chenji, kwa thamani yake iliyoandikwa. Ukiinunua kwa mtu haihesabiwi. Desmond alipenda kusema kuwa anayenunua samaki sokoni asije hapa kutuambia amevua.

Desmond akatengeneza ubao. Akatoboa matundu ya ukubwa wa sarafu, nyuma akaweka kitambaa cha kijani alichokibandua kwenye meza ya biliadi iliyostaafu, akauning’iniza ukumbini mwa nyumba yao, mahali ambapo watu wengine hutundika picha za wajukuu. Hawakujaliwa watoto. Tundu kwa tundu ubao ukajaa: peni mbili, peni tano, peni ishirini, kila moja na kasoro yake ndogo au tofauti yake ya siri. Likabaki tundu moja. Lilikuwa la ile aina ya nne ya peni kumi, yenye herufi inayoelekea kati ya vitone na ukingo mwembamba kama waya. Huenda kwingineko zilikuwa tele. Ansby haikuwa imeonekana hata moja.

Kiangazi cha pili cha ndoa yao ndipo walipogundua kwamba wamekuwa wakiangalia sarafu zilezile. Ndoo iliyotoka Jumanne ilirudi Alhamisi. Avril alikuwa na chupa ya rangi ya kucha aliyoinunua kwa ajili ya harusi ya binamu yake huko Grimsby, akaipaka mara moja, akajiona kama taa ya barabarani, akaiacha. Desmond akachonga kijiti cha kiberiti, akachovya, akaweka tone juu ya pua ya simba. Kuanzia hapo, kila sarafu aliyoichunguza akaiona si kitu aliitia pua nyekundu na kuiachia irudi mashineni, na yenye pua nyekundu hakuna aliyeigusa tena. Mzee Maltby, mwenye jumba, alinung’unika kwamba wanampaka rangi fedha zake. Kisha akaona mashine hazibagui, akanyamaza. Avril akaishika kanuni ya pua nyekundu kuliko watu wa kwetu wanavyoishika Kwaresima.

Sasa niseme ubaya wa Desmond. Ubaya wake ni kwamba alikuwa sahihi. Mwanamume anayejidai halafu akakosea, nyumba humvumilia. Unamngoja kwenye kona, unacheka, maisha yanaendelea. Desmond alijidai na hakukosea. Akisema mvua itanyesha saa ya chai, ilinyesha. Akisema barabara ya Horncastle ni fupi kuliko ile ya Wragby, ilikuwa fupi, na alikupimia. Mayai, alisema, huanzia maji baridi, na chumvi kidogo, na huondolewa maji yakisha kuchemka kwa muda anaoujua yeye. Avril, aliyekuwa amechemsha mayai kwa maji moto tangu usichana wake bila kumuua mtu, alinyang’anywa sufuria wiki ya kwanza ya ndoa na hakurudishiwa. Aliwahi kuniambia, bila hasira, kwamba anachoomba ni kumkamata Desmond na kosa moja tu, dogo, kisha atakufa akiwa radhi.

Miaka yake ya mwisho Desmond aliota mtoto wa jicho. Sisi tulijua, yeye hakukubali. Asubuhi moja mbele ya jumba aliliamkia sanduku jekundu la posta lililosimama njiani, akavua na kofia, akidhani ni mama mmoja wa kanisani mwenye koti jekundu. Tulipocheka alisema alikuwa anatania. Akatia chumvi kwenye chai mbele yangu, akagundua kwa funda la kwanza, akainywa yote hadi chini huku akiniangalia kwa ukali. Hospitali alisema ataenda msimu ukiisha. Na kila jioni baada ya kazi aliendelea kukaa na ndoo, kioo na kijiti, kwa sababu mwenye macho haambiwi tazama, wala asiye nayo.

Akafariki majira ya kuchipua, kitini, gazeti likiwa limekunjwa vizuri pajani. Tulimzika kwa upepo mkali. Klabu ilileta maua, na Clive Dawber akalia kuliko watu wote, jambo lililotushangaza, maana walikuwa wakigombana tangu Clive aliposhika usukani wa basi la Louth hadi alipostaafu.

Huyu Clive ndiye peke yake katika klabu aliyeipata ile aina ya nne. Ilimtokea Lincoln, kwenye mashine ya maegesho ya magari, akatembea nayo mwaka mzima akiitoa kila palipo na mwanga. Aliwahi kumwambia Avril ampe peni kumi yoyote, naye atampa ile, sawa kwa sawa. Klabu ikalijadili jambo hilo hadi baa ikafungwa. Desmond akahukumu kwamba huko ni kununua tu, ingawa kwa bei nzuri. Avril akakubaliana naye, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba ile.

Baada ya mazishi Avril alirudi kibandani. Sarafu zisizo na tone alizikagua yeye mwenyewe sasa, na akazitia pua kwa kijiti kilekile. Zenye tone alizipitisha. Hivyo ukapita mwaka mmoja na nusu.

Kisha Tina Maltby, bintiye mzee, akatuita sote nyuma ya jukwaa langu, akatupa biskuti, na mtu akipewa biskuti kazini anajua mambo si mazuri. Alisema kwa heshima kwamba likizo ya shule ya Oktoba itakuwa ya mwisho kwa sarafu. Baada ya hapo mashine zote zitatumia kadi na alama. Sarafu zote zitatiwa mifukoni, na Jumatatu inayofuata likizo gari la benki litakuja kuzichukua. Avril hatafukuzwa, atasimama mlangoni kuwafundisha wageni kujaza kadi zao. Avril akauliza atasimama au atakaa. Tina akasema tutaona.

Siku hiyohiyo Avril aliniambia anachokitaka. Anataka tundu lile lizibwe kabla gari halijaja. Thamani ya sarafu yenyewe hakuijali. Ukimpata mnunuzi, ingewatosha watu wawili kula samaki na chipsi, mmoja wao bila samaki. Lakini ubao ulikuwa wa Ansby, kila sarafu yake ilitoka katika ndoo zile, na gari likiondoka hakutakuwa na ndoo. Desmond aliacha kazi moja haijaisha, na mkewe hakutaka benki iimalizie kwa kuipakia garini.

Basi wiki ile ya likizo, mvua ikinyesha na watoto wakipiga kelele, aliangalia kila sarafu isiyo na tone iliyopita mikononi mwake. Siku ya pili Clive alikuja kibandani na kikombe cha chai akaegemea kioo. Nilikuwa kwenye foleni nyuma yake, nikasikia yote.

“Zile za pua nyekundu umezipitia?” akauliza.

“Zimeangaliwa hizo.”

“Na nani?”

“Unamjua aliyeziangalia, Clive.”

“Namjua. Ninachouliza ni mwaka gani.” Clive akashusha sauti, na ninaamini alidhani anafanya upole. “Mama, yule bwana aliliamkia sanduku la posta.”

Avril akavuta kidirisha akakifunga. Watu tulikuwa kwenye foleni, na noti zetu mkononi. Kikafunguka baada ya muda, na Clive akiwa bado pale akaomba chenji ya pauni tano. Akapewa yote kwa peni mbilimbili, kikombe juu ya kikombe, pamoja na tabasamu wanalopewa wageni.

“Karibu tena Ansby, mwanangu,” Avril akamwambia. “Natumaini umefurahia bahari yetu.”

Hakumsemesha tena wiki nzima. Clive naye alikuja kila siku, akazicheza zile peni mbili kwa uso wa mtu anayetumikia kifungo, na ubaya wa mambo, akawa anashinda.

Jumapili alasiri sarafu zisizo na tone ziliisha. Mashine zilikuwa zimekwisha kufunguliwa matumbo, mifuko imepangwa ukutani. Kilichobaki ni mifuko ya pua nyekundu. Avril akatoka kibandani, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya saa za kazi, akaja hadi chini ya jukwaa langu kati ya mchezo mmoja wa bingo na mwingine. Wazee wachache waliokuwa wakicheza waliinua vichwa wakidhani kuna moto.

“Nikizifungua zile,” akasema, “nitakuwa namwambia nini?”

Nilimjibu kwamba mimi ni mwita namba, na chochote kinachozidi tisini si kazi yangu. Akasema sina faida. Hakukosea. Nikaita namba mbili tatu, nikamwona amekwenda kwa Tina, na Tina anatikisa kichwa kukubali jambo.

Asubuhi ya Jumatatu nilimkuta Avril kwenye meza ya biliadi ya jumba. Alikuwa peke yake, amevaa sweta yake, na mbele yake kitambaa chote cha kijani kimefunikwa simba. Gari la benki lilitarajiwa mchana. Zilikuwa nyingi kupita uwezo wa mtu mmoja kuangalia kila moja kwa kioo kabla ya muda huo, na hata kwa watu wawili, mmoja wao akiwa mimi. Lakini alikuwa hatumii kioo. Alikuwa anazipanga.

Nilipoinama nikaona anachokipanga. Upande mmoja wa meza alikuwa ameweka simba wenye tone puani, katikati kabisa, kazi ya mkono usiotetemeka. Hao walikuwa wengi sana na hakuwa na haja nao. Baada yao walifuata wenye tone shavuni. Kisha kwenye manyoya ya shingo. Kisha kwenye taji, mgongoni, tumboni. Ukingoni mwa meza, karibu na mkono wake, walikuwa wachache ambao tone lilikuwa limeangukia mkiani, na wengine wawili watatu ambao lilikuwa hewani, halijamgusa simba hata kidogo.

Desmond alikuwa amemficha kila mmoja wetu jinsi mwanga ulivyokuwa ukimwondokea, kisha jioni baada ya jioni akaiweka habari yenyewe juu ya simba na kuiachia izunguke mjini. Nimesoma wasifu wa watu wakubwa ambao haukusema mengi kiasi hicho.

“Alikuwa ananiuliza kama taa ya jikoni imepungua nguvu,” Avril akasema hatimaye. “Nikabadilisha balbu. Nikabadilisha tena. Nikaenda kumlaumu mwenye duka.”

Clive akaingia. Mkononi alikuwa na mkate wa zabibu uliofungwa kwa karatasi na kipande cha jibini, ambavyo huku kwetu humaanisha mtu amekuja kuomba radhi na hatasema. Akaviweka juu ya mashine iliyozimwa. Akaitazama meza kutoka upande mmoja hadi wa pili, polepole, kama dereva anayesoma barabara, na nikaona ameelewa kabla hajafika nusu. Akatoa kioo chake mfukoni.

“Nianzie wapi?”

“Mikiani,” Avril akasema. “Mimi nachukua tumbo.”

Nami nikapewa migongo, kwa masharti kwamba nikidhani nimeona kitu nisiseme mpaka nimeulizwa. Tukafanya kazi. Tina alikuja akatuletea chai akaondoka kwa ncha za vidole. Nje mvua ilikuwa imekoma na shakwe wakaanza ugomvi wao wa kila siku juu ya makopo ya takataka. Clive alimaliza mikia yake akasukuma kioo pembeni. Avril alimaliza matumbo. Nikawaona wanatazamana, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukubali.

“Zile hewani,” Clive akasema.

Zilikuwa mbele ya Avril. Akainua ya kwanza, akaiweka chini. Akainua ya pili. Aliigeuza upande wa Malkia, akapitisha ukucha ukingoni, akaisogeza chini ya kioo na kukaa hivyo kwa muda ambao chai yangu ilipoa. Kisha akampa Clive. Clive akatazama, akafuta kioo kwa shati, akatazama tena, akanipa mimi. Nikaona herufi, nikaona vitone, nikaona herufi inaelekea mahali. Nikasema ndiyo. Hakuna aliyekuwa amenisubiri.

Avril alikuwa ameanza kucheka. Ilianza mabegani, kimya, nikadhani analia, nikaanza kutafuta leso; kisha ikatoka, kicheko cha msichana, kikagonga mashine zote zilizozimwa na kurudi.

“Amekosea,” akasema. “Desmond Odling amekosea. Aliishika mkononi, akaiangalia, akasema si kitu, akairudisha.” Akafuta macho kwa mkono wa sweta. “Halafu na rangi yenyewe akakosa simba.”

Clive akasema kwa upole kwamba si haki kumhesabia, maana mtu hakuwa anaona.

“Usiniharibie, Clive,” Avril akamwambia. “Nimengoja hili tangu wiki ya mayai.”

Dereva wa benki alipofika, Avril alitia peni kumi yake mwenyewe mfukoni mwa benki badala ya ile aliyoitoa. Tina alimwambia aichukue tu, ni peni kumi. Avril akasema ikichukuliwa tu itakuwa imeibiwa, na ya kuibiwa haina tundu kwenye ubao. Tukawapakia simba wote waliobaki, wa puani na wa taji na wa mikiani. Nasikia hutokea mpaka leo mtu akapewa mmoja Nottingham au Hull, akamkwangua kwa ukucha akidhani ni uchafu.

Jioni ile tulikwenda nyumbani kwa Avril kula ule mkate na jibini. Clive alisimama mbele ya ubao, akasema anayo dawa ya kuondoa rangi ya kucha, matone mawili kwenye pamba, sarafu itakuwa safi kama ilivyozaliwa. Yeye ndiye, katika klabu, aliyewahi kumfokea mtu kwa kusugua peni moja kwa siki, maana kwao sarafu iliyosafishwa imeharibiwa. Huo ulikuwa upendo mkubwa kutoka kwake, na nadhani Avril aliujua.

“Uniondolee kosa lenyewe?” akasema. “Ndilo nililolitaka.”

Sarafu nyingine zote za ubao zinaonyesha Malkia, maana upande huo ndio wenye tofauti. Hii peke yake ameitia ikiwa imelala kinyume, simba juu, na tone jekundu hewani mbele ya uso wake, kama nzi anayemsumbua. Mgeni anayejua sarafu akiuliza ni aina gani hiyo, Avril huitoa akamwonyesha upande wa pili. Asiyejua akiuliza lile tone ni la nini, huambiwa ni la mume wake, na hutengewa kiti, maana jibu lina urefu.

Jumba lina kadi sasa. Avril alisimama mlangoni msimu mmoja, kisha akasema miguu yake haikuajiriwa, akastaafu. Mimi nilimfuata, namba za bingo siku hizi huitwa na mashine yenye sauti ya mwanamke wa kusini asiye na haraka ya kushinda. Jumapili baada ya kanisa mimi na Clive hupita kwa Avril kula kifungua kinywa. Kuna kitu kimoja kimebadilika katika nyumba ile. Tangu Jumatatu ya lile gari la benki, Avril amerudia kuchemsha mayai kwa njia yake, maji ya moto tangu mwanzo, bila chumvi. Anasema ikiwa mtu aliweza kukosea kwenye sarafu, ambayo ndiyo ilikuwa elimu yake, basi ya mayai ni nani aliyeithibitisha?

Huyaweka mezani na kututazama. Ganda hupasuka, ute huvuja, kiini huwa kama kifutio cha shule. Clive hula lake akaomba na la pili. Mimi hupaka siagi nyingi kwenye mkate.

Kuhusu mayai, Desmond alikuwa sahihi. Hakuna atakayemwambia Avril.